Utitiri bustanini: maswali ya wasomaji na majibu

Kiangazi kimeingia, na barua nyingi za mwezi huu zinaeleza jambo lile lile kwa maneno tofauti: majani yenye vidoa kama yamenyunyiziwa unga, rangi ya shaba, utando mwembamba kwenye vikonyo. Karibu kila aliyetuandikia alikuwa ameshapuliza dawa ya dukani na sasa anatafuta njia isiyo na sumu. Tumechagua barua sita. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa kuwa mengi yaliyomo yanawahusu wote.

Nyanya zimejaa utando

*Nina mashina 60 ya nyanya nyuma ya nyumba. Majani ya chini yamejaa vidoa vya manjano, yanakauka, na sasa utando umefika kwenye maua. Nimepuliza dawa ya kuua wadudu mara tatu ndani ya wiki mbili, hali ikazidi kuwa mbaya. Watoto huzichuma na kuzila hapo hapo shambani, kwa hiyo sitaki tena sumu. Nifanyeje? — Msomaji, Morogoro*

Dada yetu, huo ni utitiri mwekundu, na dawa uliyopuliza ndiyo iliyoupa nafasi. Utitiri ni ndugu wa buibui na kupe. Una miguu minane, na dawa nyingi za kuua viwavi na inzi weupe haziudhuru. Zinawaua wale wanaoula: kijimende cheusi chenye ukubwa wa kichwa cha pini, vidukari-simba, yaani vidudu vidogo vyenye mataya vinavyowinda vidukari, na utitiri windaji unaokimbia haraka juu ya jani. Hao wakishaisha, jike la utitiri, ambalo katika wiki zake chache za uhai hutaga mayai zaidi ya 100, linabaki bila wa kulisumbua. Kwa joto la Morogoro wakati huu, yai huanguliwa kwa siku tatu au nne, na kinda huwa jike la kutaga kabla ya siku kumi kuisha. Kwa hiyo acha dawa hiyo kabisa, leo.

Hakikisha kwanza ni wenyewe. Shika karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge mara mbili tatu, kisha subiri kidogo. Vumbi la kawaida halitembei. Ukiona chembe zinatambaa, pitisha kidole juu yake: zikiacha mstari mwekundu au wa rangi ya chungwa, umempata mwenyewe. Lenzi ya mkono inayokuza mara 10 itakuonyesha na mayai, vitufe vinavyong'aa vilivyoshikwa na nyuzi za utando. Kwenye nyanya mara nyingi ni aina iliyotoka Amerika Kusini, *Tetranychus evansi*, inayopenda jamii nzima ya nyanya: biringanya, viazi mviringo, nyanya chungu na mnavu.

Kazi yenyewe ianze kwa mkasi. Kata majani yote yenye utando na uyaweke kwenye mfuko wa plastiki pale pale kwenye shina. Usiyabebe mikononi ukikatiza bustani, kwa sababu utitiri hudondoka njiani na kung'ang'ania nguo. Funga mfuko, uache juani siku mbili, kisha uzike. Usiyatupe kwenye mboji. Shina ambalo utando umelifunika hadi kileleni ling'oe bila huruma: utitiri unaokusanyika kwenye ncha unangoja upepo uubebe kwenda kwa jirani. Ila kwa mashina unayoyaacha, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya majani kwa siku moja. Matunda yakikosa kivuli ghafla yanababuka na jua.

Kesho yake asubuhi na mapema, osha kwa maji. Tumia mpira, ziba sehemu ya mdomo wake kwa kidole gumba ili maji yatoke kwa nguvu, na uelekeze kutoka chini kwenda juu huku mkono mwingine umelishika jani lisivunjike. Juu ya jani hakuna kazi kubwa, utitiri unaishi na kutaga chini. Fanya hivyo asubuhi tatu mfululizo. Asubuhi, si jioni: majani ya nyanya yakilala na unyevu, ukungu unaingia.

Jioni ya siku ya tatu, majani yakiwa yamekauka, piga maji ya sabuni. Kwangua gramu 10 za sabuni ya mche kwa kila lita, iyeyushe kwenye maji ya moto kidogo, kisha ongeza maji baridi kufikia kipimo. Nyanya iliyokomaa inahitaji kama mililita 150 hadi 200 ili ilowe vizuri, kwa hiyo mashina yako 60 yanataka karibu lita 10, yaani gramu 100 za sabuni. Chuja kwa kitambaa, la sivyo nozeli itaziba katikati ya kazi. Geuza nozeli itazame juu, iingize chini ya majani, na upulize mpaka matone yaanze kuchuruzika. Sabuni inaua inapougusa utitiri ikiwa bado mbichi. Ikishakauka haina kazi tena, na yai hailigusi.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanapuliza mara moja, wanafurahi siku nne, halafu mayai yaliyobaki yanaanguliwa na wanasema sabuni haifanyi kazi. Kwa joto lenu rudia kila siku ya nne au ya tano, si chini ya mara tatu. Mtu wa Lushoto au Limuru, ambako baridi huchelewesha mayai, anaweza kurudia kila siku ya saba. Katika mzunguko wa pili ongeza mililita 10 za mafuta ya kupikia kwa kila lita, yaani vijiko viwili vya chai, ukiyachanganya kwanza na maji ya sabuni kidogo mpaka yawe meupe kama maziwa. Mafuta huliziba yai pumzi. Tikisa bomba kila baada ya dakika chache, kwa maana mafuta hupanda juu na mashina ya mwisho yatapata mafuta matupu.

Funga uzi kwenye mashina matano. Kila kabla ya kupuliza chuma jani moja la katikati kutoka kila shina, hesabu utitiri hai kwa lenzi, andika. Hesabu isiposhuka baada ya mzunguko wa pili, usiongeze sabuni. Tazama chini ya majani mara tu baada ya kupuliza: utakuta sehemu kavu.

Kisha ondoa kinachouvuta. Shina lenye kiu lina utitiri mwingi kuliko lililonyweshwa, kwa hiyo weka matandazo na umwagilie kwa ratiba, si kwa kukumbuka. Vumbi la barabarani linausaidia, linawafukuza windaji. Kama bustani iko kando ya njia ya vumbi, panda safu ya mahindi au matete upande huo. Punguza yurea, kwa sababu jani laini lililojaa naitrojeni linaongeza mayai. Na mnavu unaoota wenyewe pembeni, hata kama ni mboga nzuri, usiuache karibu na nyanya. Nyanya zikiisha, mashina yatolewe wiki hiyo hiyo. Ukiyaacha yakaukie pale, utitiri wote unahamia kwenye kitalu kipya.

Watoto waoshe nyanya kabla ya kula. Sabuni si sumu kali, lakini inaharisha.

Sabuni imeunguza maharage

*Nilisikia sabuni inaua utitiri. Nikaweka vijiko vitano vya sabuni ya unga kwenye ndoo ya lita 10, nikapuliza maharage saa sita mchana. Kesho yake kingo za majani zilikuwa za kahawia, na utitiri bado upo. Maji yetu ni ya kisima. — Msomaji, Dodoma*

Ndugu msomaji, hapo makosa ni matatu, na kila moja peke yake lingetosha kuharibu kazi.

Sabuni ya unga ya kufulia si sabuni kwa maana tunayoitaka. Ina chumvi, magadi na mara nyingine kemikali ya kung'arisha nguo, na hizo ndizo zinazochoma jani. Tumia sabuni ya mche isiyo na rangi kali wala dawa ya kuondoa madoa. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ni ya kushika pale tu hakuna nyingine, kwa mililita 5 kwa lita na si zaidi.

Saa sita mchana ni saa mbaya kuliko zote. Joto likipita nyuzi 30 hivi, au mmea ukiwa na kiu, sabuni na mafuta vyote vinaunguza. Mwagilia asubuhi, puliza jioni jua likishapungua.

Na maji ya kisima. Maji yenu ya Dodoma mengi ni magumu, yana chokaa. Chokaa ikikutana na sabuni inaigeuza kuwa ukoko mweupe usioua kitu. Jaribu hivi: tia maji ya kisima kwenye chupa safi, ongeza sabuni kidogo, tikisa, iache nusu saa. Yakibaki na rangi moja yenye weupe hafifu, yanafaa. Ukiona mabonge yanaelea au utelezi umeshika ukuta wa chupa, sabuni imeshakufa. Tumia maji ya mvua uliyokinga. Kuongeza sabuni ili "kuyashinda" maji magumu ndiko kunakoishia kwenye majani kuungua.

Maharage, matango na mipapai ina majani mepesi kudhurika. Kabla ya kupuliza bustani nzima, jaribu majani matatu na ungoje siku mbili.

Hoho zimejikunja, lakini hakuna utando

*Pilipili hoho zangu ziko kwenye ndoo barazani. Majani machanga yanatoka membamba, yamejikunja kwenda chini, magumu. Maua yanadondoka, na matunda yaliyobaki yana ngozi kama gome. Nimetafuta utando sijauona. Jirani anasema ni virusi, ning'oe zote. — Msomaji, Mombasa*

Bwana, usizing'oe bado. Dalili zako zinaelekea kwa utitiri mwingine kabisa, *Polyphagotarsonemus latus*, ambao hauna utando na hauonekani kwa macho. Una takriban sehemu mbili za kumi za milimita, hata kwa lenzi ya mara 10 ni shida. Tafuta mayai yake badala yake, chini ya majani machanga kabisa ya kileleni: yana umbo la yai lililobandikwa na safu za vidoa vyeupe, kana kwamba mtu ameyapambia. Virusi mara nyingi huleta mabaka ya manjano na kijani kwenye jani zima. Huyu huharibu ncha, na majani ya zamani ya chini hubaki mazuri.

Mate yake yana sumu inayopotosha ukuaji, kwa hiyo hata ukiumaliza leo, majani yaliyojikunja hayatanyooka. Angalia majani mapya yatakayotoka baada ya wiki mbili au tatu. Wengi hukata tamaa siku ya tano na kung'oa mmea uliokwisha kupona.

Kata ncha zote zilizoharibika, sentimita 3 hadi 5 chini ya pale ubaya unapoishia, uzifunge kwenye mfuko. Kisha piga sabuni na mafuta kwa vipimo tulivyoeleza hapo juu, ukilenga vilele tu na machipukizi. Kizazi chake huchukua kama wiki moja tu kwenye joto la pwani, kwa hiyo rudia kila siku ya nne, mara nne. Kwa mche mdogo uliomo kwenye kikopo kuna njia ya maji moto: ziba udongo kwa plastiki, pindua mche, uzamishe majani kwenye maji ya nyuzi 43 hadi 46 kwa dakika 15. Lazima uwe na kipimajoto. Joto la kukadiria kwa mkono ndilo linalopika miche.

Jambo moja la kuangalia: utitiri huu hupanda kwenye miguu ya inzi weupe na kusafiri nao. Kama ukitikisa mmea kunaruka vijinzi vyeupe, ning'iniza kipande cha plastiki ya manjano kilichopakwa grisi karibu na vilele. Usipowapunguza hao, utaletewa wageni wapya kila wiki.

Tumbaku, pilipili, mwarobaini, majivu: kipi kinafaa?

*— Wasomaji wanne, Kigoma, Tanga, Nakuru na Bujumbura*

Tumbaku, hapana. Nikotini ni sumu kali inayopita kwenye ngozi ya anayepuliza, na maji ya tumbaku yanaweza kupeleka virusi vya batobato ya tumbaku kwenye nyanya na hoho zako. Kitu kutoka shambani hakiwi salama kwa sababu kimetoka shambani.

Majivu ukiyanyunyiza juu ya majani unaongeza vumbi lile lile linalousaidia utitiri. Yaache kwa konokono. Pilipili na kitunguu saumu vina harufu na vinachoma macho ya mpulizaji, lakini nguvu inayoonekana mara nyingi ni ya ile sabuni iliyochanganywa humo.

Mwarobaini una kazi ya kweli, kwa subira. Unaupunguzia utitiri hamu ya kula na kutaga, hauuangushi siku hiyo. Kokwa ni bora kuliko majani. Okota matunda yaliyoiva manjano, ondoa nyama, anika mbegu kivulini, utupe zenye ukungu. Menya, twanga gramu 50 za kiini kwa kila lita ya maji, loweka usiku mmoja, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kijiko kimoja cha chai kwa lita. Ukitwanga mpaka mafuta yatoke umezidisha. Puliza jioni ya siku hiyo hiyo: jua huvunja kiini chake, na yaliyolala siku mbili yameshachoka.

Muhogo unadumaa kiangazi

*Ncha za muhogo zimesinyaa, majani madogo yenye vidoa, shina limebaki uchi na kijitufe cha majani juu. Nipulize nini? — Msomaji, Mkuranga*

Usipulize kitu. Huyo ni utitiri wa kijani wa muhogo, *Mononychellus tanajoa*. Naye alitoka Amerika Kusini, akaonekana Uganda mwaka 1971, kisha akaenea kwenye ukanda wote wa muhogo wa Afrika. Habari zake ni njema kuliko za wenzake wote, kwa sababu adui yake aliletwa. Watafiti walileta utitiri windaji kutoka Brazili, *Typhlodromalus aripo*, wakauachia Benin mwaka 1993, na tangu hapo umesambazwa katika nchi nyingi. Mchana unajificha ndani ya ncha ya muhogo, kati ya vijani vichanga ambavyo havijafunguka. Usiku unashuka kwenye majani kuwinda.

Sasa fikiria tunavyochuma kisamvu. Tunachukua ncha. Kila ncha unayovunja ni nyumba ya huyo mlinzi umeitia chunguni. Tenga safu mbili tatu za kisamvu pembeni, na zile za mizizi uziachie ncha zake. Ukichagua mbegu, chagua aina zenye ncha yenye manyoya, ndizo windaji huyo anazozipenda. Panda mwanzo wa mvua ili kiangazi kikute mashina yenye nguvu, na usichukue pingili kutoka shamba lililoathirika bila kuondoa majani yote. Mvua zikirudi, muhogo utachipua tena wenyewe.

Dawa ya kuua wadudu ukiipuliza humo utaua windaji, na utitiri utabaki.

Mtende uani

*Nina mtende mmoja uani, Muscat. Tende zikiwa bado kijani zinafunikwa na utando wenye vumbi, zinakuwa nyekundu-kahawia, ngozi inapasuka, haziivi vizuri. Majirani wanauita "ghubar". — Msomaji, Oman*

Jina hilo linamaanisha vumbi, na limempata: ni *Oligonychus afrasiaticus*, anayesuka utando juu ya kichala na utando ukanasa mchanga. Kwa mtende mmoja, maji yanatosha ukianza mapema. Tangu tende zinapokuwa na ukubwa wa njegere, kagua vichala mara mbili kwa wiki. Ukiona uzi wa kwanza, osha kichala kwa mpira wenye nguvu alfajiri, ndani na nje, na urudie kila siku ya tatu au ya nne. Kabla ya hapo punguza nyuzi za katikati ya kichala ili maji yaingie. Kichala kizito kisichopunguzwa hukauka nje tu, katikati utitiri unaendelea.

Lowesha na ardhi ya ua kuzunguka shina, upepo usiinue mchanga. Tende zilizodondoka na makuti makavu ya msimu uliopita yaondolewe kabla ya joto kuanza. Unga wa salfa unaouzwa huko unaufaa utitiri huu na wakulima wengi wa tende wanautumia, lakini ni dawa nayo: unawasha macho na kifua, unaunguza tende kwenye joto kali, na usiutumie kabla wiki mbili hazijapita tangu upulize mafuta. Kwa mti wa uani wenye watoto wanaocheza chini yake, sisi tungebaki na mpira wa maji.

Ngozi iliyokwisha kupasuka haitaungana. Vichala vilivyoharibika zaidi ya nusu vikate sasa, vifungwe na kutupwa, ili vile vilivyobaki visipokee utitiri kutoka kwao.